Saa Janja Ikifika Griftu: Itakufanyia Kazi Ama Ni Bangili Tu?

Wacha tuulizane bila kuoneana haya. Hiyo saa iko kwa mkono wako, uliichaji lini mara ya mwisho? Jana usiku? Leo asubuhi ukipiga mswaki? Na ile chaja yake ya sumaku, ile ukipoteza huwezi kuomba ya jirani, iko wapi saa hii?

Nauliza kwa sababu zile saa mnaita smartwatch zimejaa kila mahali. Fungua TikTok usiku utapata msee yuko live anazipanga kwa meza kama maandazi: T500, T800, na zile kubwa za kamba ya rangi ya machungwa zinazojifanya Apple Watch Ultra. Ultra original ilitoka Septemba 2022 kwa dola 799, na hiyo kwa pesa zetu imepita laki moja. Ile ya live ni elfu mbili hivi, na ukibembeleza anakutupia na kamba ya pili.

Kama ni mambo ya luku, sina ugomvi na wewe. Ziko fiti. Zinang'aa, zinatikisika, zinakuonyesha nani amekutumia meseji ukiwa bado kwa mkutano. Mimi nataka kujua kitu kingine: unaweza kuivaa kila siku, kutoka alfajiri hadi ulale, na iwe inakusaidia? Na nikijibu hilo swali nikiwa Westlands nitakudanganya, kwa sababu Westlands kuna soketi kila ukuta na kiyoyozi kila ofisi. Twende Griftu.

Kama wewe ni wa huko, ruka hii aya. Kama si wa huko: Griftu ni mji mdogo wa Wajir West. Unatoka Nairobi, unapita Garissa, Modogashe, Habaswein, unafika Wajir, halafu unaanza safari nyingine. Ni mji wa wafugaji. Hata chuo kinachojulikana pale, Griftu Pastoral Training Centre, ni cha mambo ya mifugo. Kuna ngamia, mbuzi, kondoo, ng'ombe, vumbi, na jua ambalo halina huruma kwa mtu wala kwa betri. Na nusu ya vijana mnaowaona Eastleigh na Garissa wakipiga luku wana hooyo ama ayeeyo upande huo. Idd ikifika wanapanda basi, na saa iko kwa mkono.

Sasa tuone inafika aje.

Kwanza, chaji

Kwa miaka mingi Apple wenyewe wameandika kwamba saa yao ya kawaida inakaa masaa 18. Ultra ya kwanza waliiandikia 36. Hiyo ni saa iliyotengenezwa na mtu anayejua kila usiku atalala kando ya soketi. Ukikosa chaji usiku mmoja, kesho saa sita mchana umevaa kioo cheusi.

Wajir imekaa miaka nje ya gridi ya taifa. Stima ya mji imetegemea jenereta za dizeli na sola. Garissa wako mbele kidogo: waliunganishwa na gridi, na tangu Desemba 2019 wana ule mtambo wa sola wa megawati 50 uliojengwa na wachina. Kuna pia mradi wa K-OSAP, wa gava na Benki ya Dunia, wa kupeleka sola kwa kaunti 14 zilizoachwa nyuma, na Wajir ni mojawapo. Lakini ukitoka mjini ukaingia bomani, mambo ni paneli moja juu ya paa na betri moja ndani ya nyumba. Taa inakunywa hapo. Simu ya abo inakunywa hapo. Simu ya hooyo, tochi, redio. Wewe umekuja likizo na saa yako unataka kuchaji kila usiku. Manze, utangoja.

Na hiyo chaja ndiyo inanikera zaidi. Simu ikizima Griftu, mtu yeyote ana waya wa Type-C ama ule wa zamani. Saa janja kila moja ina chaja yake. Ya T500 haiingiani na ya Xiaomi, ya Xiaomi haiingiani na ya Samsung, na ya mwaka jana mara nyingine haiingiani na ya mwaka huu wa kampuni ileile. Ukiisahau Eastleigh umeua saa, na duka la karibu la kuuza nyingine liko safari ya siku nzima.

Ndiyo maana kama lazima uende na kitu, bora zile bendi nyembamba. Xiaomi Smart Band 8 ya 2023 kampuni inaipa hadi siku 16. Toa chumvi, sema siku kumi ukiitumia vizuri. Siku kumi ni likizo nzima ya Idd. Na juu ya wote kuna babu yao, Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki, sokoni tangu 1989, betri ya miaka saba. Haikuambii nani amepiga simu. Inakuambia ni saa ngapi, na haijawahi kuomba chaja.

Pili, jua

Hii watu hawasomi kwa boksi. Apple wameandika kwamba saa yao ya kawaida itumike mahali penye nyuzi joto kati ya 0 na 35. Rudia hiyo namba: 35. Wajir, Februari na Machi, hiyo ni mchana wa kawaida, na siku nyingi inapitwa. Ultra ndiyo imeandikiwa hadi 55. Kwa hivyo ukitaka Apple inayokubali kwa maandishi kuishi Griftu, toa laki na usonge. Zile za elfu mbili hazina hata karatasi ya kukuambia kikomo chake ni ngapi. Betri za lithiamu zikikaa kwa joto kali zinazeeka haraka, na ndiyo maana saa iliyokuwa inakupa siku tatu Nairobi itaanza kukupa moja.

Halafu kuna kuona kwenyewe. Zile skrini zinazowaka rangi tamu ndani ya duka, ukizitoa nje saa saba mchana unabaki unakinga kwa kiganja kama mtu anaficha siri. Casio na zile Garmin za skrini isiyong'aa zinafanya kinyume: jua likizidi, unasoma vizuri zaidi.

Simu yako ni gani kwanza?

Hapa wengi wameungua. Apple Watch inataka iPhone. Haitaki Tecno, haitaki Infinix, haitaki Samsung. Na Samsung wamelipiza: kuanzia Galaxy Watch4 ya 2021, saa zao hazifanyi kazi na iPhone. Sasa cheki simu ambazo watu wako nazo North Eastern, halafu uniambie ile Apple Watch ya mtumba uliyoletewa na binamu kutoka Minneapolis utaunganisha na nini.

Zile za bei ya chini hazibagui, zinakubali simu yoyote. Lakini zinategemea Bluetooth, na Bluetooth ni mita kumi hivi. Simu iko ndani kwa chaji, wewe uko nje unakamua ngamia: saa haijui chochote. Na kuna hili la sauti. Familia nyingi za kisomali hazichapi meseji, zinatuma sauti. Shangazi anaanza salamu kwa dakika mbili kabla afike kwa habari. Saa yako ya elfu mbili itakuonyesha tu kwamba sauti imeingia, ya nani, basi. Kuisikia lazima utoe simu. Sasa saa imekusaidia nini? Imekupigia kelele kuhusu kitu ambacho simu ilikuwa tayari imekupigia kelele.

Hata pesa haipiti hapo. Wengine mnakumbuka Safaricom walijaribu M-Pesa 1Tap huko Nakuru mwaka 2017: kadi, stika ya simu, hata bendi ya mkononi, unagusa unalipa. Miaka imepita, na wewe bado unaandika namba ya till na kuingiza PIN. Kwa hivyo wakati jamaa wa live anakuambia saa yake "inalipa," muulize inalipa wapi. Duka la Griftu litakuuliza M-Pesa ama keshi.

Lakini si kila kitu ni kulia

Nisije nikaonekana nachukia hizi vitu. Kuna mahali saa ya mkononi inapiga simu kabisa, na pahali hapo ni kule kule.

Jamaa amevaa macawiis. Macawiis haina mfuko. Simu anaikunja kiunoni ama anaishika, na kila akitaka kujua saa lazima aifungue kile kifungo cha nguo. Mkono uko wazi, umejaa nafasi. Saa hapo ina maana kuliko kwa mtu wa suti.

Swala nayo. Ukiwa mjini huhitaji saa, muadhini anakuita na kipaza sauti. Lakini ukiwa na mifugo, mbali na mji, hakuna muadhini. Saa inayotikisika wakati wa Adhuhuri bila kuhitaji mtandao, kwa sababu nyakati za swala ni hesabu ya tarehe na mahali ulipo, hiyo ni msaada wa kweli. Kibla ndiyo usiilipie. Griftu na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, kama nyuzi 40 mashariki, kwa hivyo kibla ya Griftu ni kaskazini moja kwa moja. Mtoto wa miaka minane anayechunga mbuzi anaijua kwa nyota. Saa yako, ikiwa na kamba ya sumaku, inaweza hata kukosea, maana sumaku inavuruga dira.

Udhu ndio mtihani. Maji yafike kwa ngozi hadi kwenye viwiko, kwa hivyo saa aidha unailegeza isonge ama unaivua. Hiyo ni mara kadhaa kwa siku, kila siku. Kwa saa iliyoandikwa 5ATM na kampuni ya kueleweka, hakuna wasiwasi. Kwa ile iliyoandikwa IP68 na mtu ambaye hata jina la kampuni hakuandika, utajua wiki ya pili, ukiona mvuke ndani ya kioo. Na ukichagua kuivua kila mara, siku moja utaiacha kwa bomba la msikiti. Iombee ipatikane na mcha Mungu.

Halafu kuna GPS, ile ya kweli ndani ya saa yenyewe, si zile zinazokopa ya simu. GPS haihitaji mlingoti. Na watu wa Wajir, Garissa na Mandera wanajua milingoti imelipuliwa mara ngapi na al-Shabaab, wiki zinapita hakuna simu. Saa inayoweka alama mahali pa kisima, ama mahali uliwaacha ngamia jana jioni, na kukurudisha hapo bila mtandao, hiyo ni kifaa. Garmin walitoa Instinct Solar mwaka 2020 na Instinct 2 Solar mwaka 2022. Hiyo ya pili kampuni inasema ukikaa nje masaa matatu kwa siku kwenye mwanga wa laksi 50,000, betri haiishi ukiitumia kama saa ya kawaida. Laksi 50,000! Jua la mchana lililo wazi linafika hata 100,000. London wanaitafuta hiyo mwanga na tochi. Griftu ni bure, kuanzia asubuhi.

Shida ni bei. Instinct 2 Solar ilianzia dola 450, ambazo ni karibu elfu 58 kabla ya ushuru na faida ya mwenye duka. Misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kati ya 2020 na 2022, na kuna familia bado zinajenga kundi upya mbuzi mmoja mmoja. Ukimwambia mzee anunue saa ya elfu 58 atakuuliza inazaa mara ngapi kwa mwaka.

Hatua nazo acha tucheke kidogo. Ile namba ya hatua elfu kumi ambayo saa yako inakusumbua nayo haikutoka hospitalini. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani, Yamasa, iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kikiitwa manpo-kei, maana yake mita ya hatua elfu kumi. Ilikuwa jina la biashara. Sasa mvalishe msichana anayepeleka mbuzi kisimani, kilomita saba kwenda, saba kurudi. Amepita hatua elfu ishirini, saa inampigia fataki za pongezi kwa mkono. Anaangalia, anaendelea, mbuzi wana kiu.

Luku, na macho ya watu

Ukweli ni kwamba wengi mnanunua kuonekana, na hiyo si dhambi. Saa imekuwa pambo tangu zamani. Ila jua kitu kimoja: hili ni pambo linaloharibika kama maziwa. Mwaka 2015 Apple waliuza saa ya dhahabu halisi, ikianzia dola 10,000, karibu milioni moja ya Kenya wakati huo. Mwaka 2018 ikatoka programu mpya ya watchOS 5, na hiyo saa ikaachwa nje. Miaka mitatu tu. Kwa milioni moja ungepata ngamia kadhaa wazuri, na baada ya miaka mitatu bado wanakupa maziwa na wajukuu. Na tukiwa hapo kwa dhahabu: wavulana, mnajua dini inasema nini kuhusu dhahabu kwa mwanaume. Yako ni chuma kilichopakwa rangi, sawa, lakini utawaeleza wazee wangapi?

Kuna macho mengine pia. Mwaka 2011 WikiLeaks walitoa faili za Guantanamo, na ndani yake ile Casio F-91W ya bei ya soda ilikuwa imeandikwa kama dalili ya ugaidi, eti kwa sababu ilitumika kutengeneza mabomu. Saa iliyovaliwa na mamilioni ya watu, wanafunzi na makanga. Eastleigh nayo ikikumbuka neno "watch" inakumbuka Usalama Watch, Aprili 2014, watu walivyobebwa na malori hadi Kasarani kwa sababu ya sura na kipande. Kwa hivyo kijana wa North Eastern akifikiria mara mbili anavaa nini kwa mkono kabla ya kizuizi cha barabarani, usimcheke.

Na kwa hilo hilo, zima ile kitu ya kutangaza njia zako. Januari 2018 dunia iligundua ramani ya Strava ilikuwa inaonyesha kambi za kijeshi jangwani, kwa sababu wanajeshi walikuwa wanakimbia na saa zao. Mkoa wenye kambi na vizuizi si mahali pa kurusha hewani kila unapokanyaga.

Sasa hooyo

Hii ndiyo ilinifanya nikae chini niandike. Zile saa za live hazitangazwi tena kama saa. Zinatangazwa kama daktari. "Inapima presha, inapima sukari, mnunulie mathe." Na wewe una mathe Griftu, ana sukari ama presha, hospitali ya rufaa iko Wajir mjini, na hujamwona tangu mwaka jana. Elfu mbili na mia tano si kitu. Unalipa, unaiweka kwa basi, unalala ukijua umemtunza hooyo.

Shika hii tarehe: 21 Februari 2024. Siku hiyo FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, ilitoa onyo kwa umma. Haikuwa imeidhinisha saa yoyote wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Hata moja. Haijalishi ni ya Marekani, ni ya Korea, ni ya laki ama ni ya elfu. Zipo sensa ndogo zinazobandikwa kwa mkono na kutuma namba kwa simu au saa, lakini hizo zina kisindano kinachoingia chini ya ngozi, na zinauzwa kama vifaa vya hospitali. Saa yenye taa ya kijani peke yake ikikuonyesha sukari ni 5.4, hiyo namba imebuniwa.

Presha nayo iko karibu hapo. Samsung wanapima presha kwa saa zao, lakini wanakulazimisha uirekebishe na mashine halisi ya kufunga kwa mkono kila siku 28. Huawei, kwenye Watch D yao, waliona bora waweke puto ndogo linalojaa hewa ndani ya kamba yenyewe. Kampuni kubwa, maabara kubwa, na bado zinahitaji mashine ama puto. Sasa ya TikTok inapima aje bila kuuliza chochote? Inakisia. Inakupa 120 kwa 80 kwa sababu inajua hiyo ndiyo namba inayokufurahisha.

Mapigo ya moyo ni hadithi tofauti kidogo. Hapo saa nzuri zinajitahidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke uliochapishwa 2020 haukupata tofauti kubwa kati ya ngozi nyeusi na nyeupe kwa mapigo. Kilichovuruga zaidi ni mwili kusonga. Lakini oksijeni ya damu, weka alama. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa hospitalini Marekani, kwa zile mashine za kubana kidole, na ukaonyesha kwamba kwa wagonjwa weusi mashine ilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya ilivyokosa kwa weupe. Hiyo ni mashine ya hospitali, yenye kazi hiyo moja. Yako ya mkononi inafanya kazi kumi na tano.

Sasa fikiria Ramadhani. Hooyo ana kisukari na ameamua kufunga. Saa tisa alasiri anaanza kutetemeka, jasho, kichwa chepesi. Sukari inaanguka, na inayoanguka inaua haraka kuliko iliyopanda. Anaangalia saa uliyomtumia. Saa inasema 5.6. Anajiambia ni uchovu wa jua, anajilaza kidogo angoje magharibi. Dini yenyewe imempa ruhusa ya kufungua akiwa mgonjwa, lakini ile namba imemwambia si mgonjwa. Na namba imetoka kwako, mtoto wake wa Nairobi anayejua mambo ya teknolojia. Nani atabishana nayo?

Mashine ya kawaida ya kupima sukari, ile ya kutoboa kidole, iko kwa kemisti yeyote Eastleigh ama Garissa, na bei yake haiko mbali na ya hiyo saa. Ongeza boksi mbili za stripu, maana stripu ndizo huisha na ndizo ngumu kupata huko. Angalia tarehe ya kuisha, na umwambie aziweke mbali na joto, zisikae dirishani. Tafuta binti mmoja wa shule nyumbani umfundishe kwa simu ya video, dakika tano. Kama ni presha, mashine ya kufunga juu ya kiwiko, inayotumia betri za kawaida za AA ambazo hata duka la Griftu liko nazo. Hazina kamba ya machungwa. Hakuna atakayepiga picha nazo.

Na kama bado unataka saa, yako wewe, ya luku, enda dukani na roli ya tishu. Siko na mzaha. Ifunge saa kwa hiyo tishu kama unaifunga kwa mkono, bonyeza kupima moyo, ngoja. Ile taa ya kijani inagonga kitu na kurudi, na saa nyingi za bei ya chini zitakupa mapigo ya tishu, 72, 80, imetulia kabisa. Endelea na presha, bonyeza na sukari. Fanya hivyo mbele ya mwenye duka, halafu mwonyeshe kioo umuulize bei tena.